Mtaalamu wa Udongo Hupimwaje? Maana ya Machapisho na Marejeleo kwa Mkaazi wa Kibokoni

Mtaalamu wa udongo anapokuja kuzungumza na wananchi, iwe ni katika kikao cha kukusanya maoni ya umma au katika mafunzo ya bustani za nyumbani, wasifu wake husomwa kwanza. Tuseme tunaambiwa kwamba ana machapisho 60, kazi zake zimerejelewa mara 3,000, na fahirisi yake ya h ni 25. Wengi wetu huitikia kwa heshima, kisha tunasubiri ushauri.

Ushauri huo ndio unaoweza kuamua pesa za umma zinunue mbolea gani, kikundi cha akina mama kipande nini kwenye madebe uani, na kijana aliyemaliza kidato cha nne aombe basari ya kusomea nini. Ni vyema basi mkaazi wa Kibokoni ajue tarakimu hizo zinasema nini na zinanyamazia nini. Kwa ufupi, zinaonyesha jinsi kazi ya mtaalamu ilivyosomwa na kutumiwa na wataalamu wenzake. Hazionyeshi kama kazi hiyo inaufaa udongo ulio mbele ya mlango wako. Hilo ni swali jingine, na ni haki yako kuliuliza.

Chapisho na rejeleo

Mtafiti akimaliza kazi yake huiandika na kuituma kwa jarida la kisayansi. Mhariri huwapa wataalamu wengine wa fani hiyo waisome na kuikosoa. Ikipita, huchapishwa, na hapo huhesabiwa kuwa chapisho. Mtafiti mwingine akiitumia baadaye katika makala yake, hana budi kuitaja. Kutajwa huko ndiko kunakoitwa kurejelewa, na kila kutajwa ni rejeleo moja.

Wazo la kuhesabu marejeleo kwa utaratibu lilienezwa na Mmarekani Eugene Garfield, aliyelipendekeza mwaka 1955 katika jarida la Science. Nia yake ilikuwa kumsaidia mtafiti afuate mkondo wa wazo: nani alilianza, nani aliliendeleza, nani alilipinga. Baadaye vyuo na wafadhili wakaanza kuitumia hesabu hiyo kupima watu.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachounganisha wingi wa machapisho na wingi wa marejeleo. Hicho ndicho fahirisi ya h. Mfano utaeleza vizuri. Mtafiti ana makala matano. La kwanza limerejelewa mara 40, la pili mara 12, la tatu mara 6, la nne mara 3 na la tano mara 1. Anayo makala matatu ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 3, lakini hana manne yaliyofikia mara 4 kila moja. Fahirisi yake ya h ni 3.

Sasa mchukue mtafiti mwingine aliyeandika makala moja tu, nayo ikarejelewa mara 2,000. Fahirisi yake ni 1. Hapo utaona kwamba kipimo hiki humpendelea anayeandika mengi kwa miaka mingi. Kijana aliyeanza juzi, hata akiwa hodari, hawezi kuwa na fahirisi kubwa.

Waliorejelewa sana

Katika sayansi ya udongo, jina linalotajwa mara nyingi ni Rattan Lal. Alizaliwa mwaka 1944 katika India ya enzi ya ukoloni wa Waingereza, akafanya kazi katika taasisi ya IITA mjini Ibadan, Nigeria, kuanzia 1970 hadi 1987, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani. Ameandika mamia ya makala na fahirisi yake ya h imepita 100. Makala yake ya mwaka 2004 katika jarida la Science, kuhusu jinsi udongo unavyoweza kuhifadhi kaboni na kupunguza joto la dunia, ni miongoni mwa yaliyorejelewa zaidi katika fani hii. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Karibu zaidi na nyumbani yuko Pedro Sanchez, mzaliwa wa Cuba, aliyeongoza kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, ICRAF, pale Gigiri, Nairobi, kuanzia 1991 hadi 2001. Yeye alipata tuzo hiyohiyo mwaka 2002. Mwaka huohuo aliandika katika Science makala ya kurasa mbili kuhusu rutuba ya udongo na njaa barani Afrika. Kurasa mbili tu, lakini zimerejelewa na watafiti wengi mno.

Sehemu kubwa ya hoja za Sanchez ilitokana na kazi ya ICRAF na washirika wake magharibi mwa Kenya. Huko mashamba mengi yana udongo wenye tindikali na uliopungukiwa na fosforasi na naitrojeni. Walipendekeza mambo matatu. La kwanza ni kupanda miti jamii ya kunde inayorudisha naitrojeni ardhini. La pili ni kutumia majani ya tithonia, lile ua la manjano linalofanana na alizeti, kama mbolea ya kijani. La tatu ni kutumia unga wa mwamba wa fosfeti, kama ule unaochimbwa Minjingu, kaskazini mwa Tanzania.

Shikilia jambo hilo la tatu. Tutalirudia tukifika Kibokoni.

Mtu wa Amani

Upo mfano wa pili, na haukutoka mbali. Ukitoka Mombasa kufuata pwani kwenda kusini utafika Tanga, na nyuma ya Tanga ipo milima ya Usambara. Humo ndimo kilimokuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kuendeshwa na Waingereza kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Miaka ya 1930 alifanya kazi hapo mtaalamu wa kemia ya udongo aliyeitwa Geoffrey Milne.

Milne alipewa kazi ngumu: kuchora ramani ya udongo ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kila alipopita alikuta udongo ukibadilika ndani ya hatua chache. Juu ya kilima kulikuwa na kokoto na mchanga, kwenye mteremko udongo mwekundu, na bondeni udongo mweusi mzito unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kuonyesha kila kipande kwenye ramani ya nchi nzima haikuwezekana.

Mwaka 1935 alitoa jawabu. Aliona kwamba udongo wa kilele, wa mteremko na wa bondeni si mambo matatu yaliyotengana. Ni mfuatano mmoja unaojirudia kilima baada ya kilima, kwa sababu maji hubeba chembe na chumvichumvi kutoka juu kwenda chini. Aliuita mfuatano huo catena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Ramani yake, aliyoitayarisha pamoja na wataalamu wenzake wa nchi hizi, ilitoka mwaka 1936.

Milne alifariki mwaka 1942. Ripoti ya safari yake ndefu ya uchunguzi kupitia Tanganyika, kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, ilichapishwa mwaka 1947, yeye akiwa kaburini. Hakuacha mlima wa machapisho. Lakini leo mwanafunzi wa sayansi ya udongo popote duniani, Brazil au Australia, hufundishwa dhana ya catena mapema katika masomo yake. Wengi hulitumia neno hilo bila kumtaja Milne, kwa sababu limekuwa mali ya wote. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, alikwisha kulieleza jambo hili: wazo likikubalika kabisa humezwa na elimu yenyewe, na jina la mwenyewe hufutika. Kadiri kazi inavyofaulu, ndivyo hesabu ya marejeleo inavyoweza kuisahau.

Wako wengine ambao hesabu hiyo haikuwaona hata mwanzo. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya kila pingili ya mnyororo huo kabla ya mtafiti yeyote kufika. Mchanga wa mteremkoni waliuita luseni, na sehemu ngumu isiyopitisha maji vizuri waliiita ibambasi. Neno mbuga nalo liliingia katika maandishi ya Kiingereza ya wataalamu kuwa jina la udongo mweusi wa bondeni. Wakulima hao walijua wapi pa kupanda mtama na wapi pa kupanda mpunga. Hawana chapisho wala rejeleo, ilhali maneno yao yamo ndani ya vitabu.

Matunda yasiyo karatasi

Mfano wa tatu unatoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Kupitia mradi uitwao MIRCEN, watafiti wa chuo hicho walichunguza bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya maharagwe, soya na mimea mingine jamii ya kunde. Bakteria hao, waitwao rhizobia, huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuifanya chakula cha mmea. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi ni Profesa Nancy Karanja.

Matokeo yake hayakuishia kwenye majarida. Yalizaa bidhaa iitwayo Biofix, pakiti ndogo ya bakteria ambayo mkulima huipaka kwenye mbegu kabla ya kupanda. Anayeitumia hana haja ya kujua fahirisi ya h ya mtu yeyote. Anachohitaji kujua ni kwamba mbegu zipakwe kivulini na zipandwe upesi, kwani jua huwaua bakteria. Akivuna zaidi atanunua pakiti nyingine, na kule kununua tena hakuhesabiwi na jarida lolote kuwa rejeleo.

Profesa Karanja ameshiriki pia katika utafiti kuhusu taka za jiji la Nairobi na jinsi vikundi vinavyozigeuza kuwa mboji. Kwa mji kama wetu, ambao kila siku hutoa maganda ya ndizi, makumbi ya nazi na mabaki ya mboga sokoni, kazi ya namna hiyo inaweza kutufaa kuliko makala mashuhuri kuhusu mashamba ya mahindi.

Turudi Kibokoni

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo uliofunika mwamba huo mara nyingi ni mwembamba, na matumbawe yenyewe ni chokaa. Mji wa Kale una jambo la ziada: nyumba zake za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Kila lipu inapobambuka na ukuta unapokarabatiwa, vumbi la chokaa huongezeka uani. Kwa hiyo udongo wa uani Kibokoni hauelekei kuwa wa tindikali. Unaelekea upande wa pili, ule wa alkali.

Sasa likumbuke lile pendekezo la tatu la magharibi mwa Kenya. Mwamba wa fosfeti husagwa na kutiwa shambani ukiwa haujayeyuka. Tindikali iliyomo udongoni ndiyo inayouyeyusha polepole, na mmea ukapata fosforasi. Katika udongo uliojaa chokaa hakuna tindikali ya kuifanya kazi hiyo. Unga utakaa pale miaka, na pesa za kikundi zitakuwa zimezikwa. Hali ni hiyohiyo kwa ushauri wa kuongeza chokaa, ambao ni sahihi kabisa kwa udongo mkali wa tindikali, lakini hapa ni kumwaga maji baharini. Zaidi ya hayo, chokaa ikizidi, mmea hushindwa kuchukua madini ya chuma. Utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na ukiongeza chokaa utazidisha ugonjwa.

Sanchez hakukosea. Aliandika kuhusu udongo aliouchunguza na akausema wazi. Kosa litakuwa letu tukichukua wingi wa marejeleo yake kuwa ni ruhusa ya kuutumia ushauri wake mahali popote. Tena pendekezo lake la mbolea ya kijani linaweza kutufaa sana, kwa kuwa majani yanayooza huongeza uhai wa udongo hata juu ya matumbawe. Katika kazi moja ya mtaalamu mmoja, sehemu moja yaweza kutufaa na nyingine isitufae.

Je, kuna aliyeuchunguza udongo wa huku? Yupo. Mwaka 1978 idara ya upimaji wa udongo ya Kenya, yenye makao yake Kabete, ilitoa ripoti kuhusu eneo la Kwale, Mombasa na Lungalunga. Iliandikwa na Michieka, van der Pouw na Vleeshouwer, na katika mfululizo wa ripoti za idara hiyo inajulikana kama R3. Haikutoka katika jarida mashuhuri, na ukipanga orodha kwa wingi wa marejeleo utaikuta mbali chini ya makala za Science. Hata hivyo, anayetaka kujua udongo wa pwani yetu ya kusini ataanzia hapo. Ni upimaji wa eneo kubwa, kwa hiyo hautakwambia habari za ua mmoja, lakini angalau unazungumzia ardhi unayoikanyaga.

Maswali ya kumuuliza mtaalamu

Haya ndiyo maswali ambayo mwananchi anaweza kuuliza kwa adabu na bila woga, katika kikao chochote.

Kwanza, tarakimu hizi zimetoka wapi? Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, ilhali Scopus na Web of Science huhesabu machapisho yaliyochaguliwa tu. Mtu mmoja anaweza kuwa na fahirisi tatu tofauti na zote zikawa za kweli.

Pili, umerejelewa kwa sababu gani? Kazi inayopingwa hurejelewa pia, na mtafiti anaweza kujirejelea mwenyewe. Hesabu haitofautishi sifa na lawama.

Tatu, utafiti ulifanyika kwenye udongo gani? Taja mahali, kiasi cha mvua, na kipimo cha pH. Hili ndilo swali kuu kwa wakaazi wa kisiwani.

Nne, nani alitumia matokeo haya nje ya chuo, na alipata nini? Mkulima, kikundi, au kaunti nyingine.

Tano, ripoti yenyewe iko wapi tuisome? Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu wake. Kama ripoti ilitumiwa kufanya uamuzi wa umma, unaweza kuiomba.

Kwa vijana na wazazi

Anayetaka kusomea sayansi ya udongo asivunjwe moyo na tarakimu za wakubwa. Wengi wa waliorejelewa sana walianza kwa kuchimba mashimo na kujaza vifuko vya udongo. Jihadharini na majarida yanayotuma barua pepe za sifa na kuahidi kuchapisha makala ndani ya siku chache mradi ulipe. Mengi ya hayo hayapitishi kazi kwa wataalamu, na chapisho la humo linaweza kumharibia jina kijana badala ya kumjenga. Muulize mwalimu wako kabla ya kutoa shilingi.

Bado pana nafasi kubwa. Sehemu kubwa ya utafiti maarufu wa udongo nchini umefanyika kwenye nyanda za juu na magharibi. Udongo wa matumbawe, wa uani, wa madebe na mikebe ya mirehani na asmini haujaandikiwa vya kutosha. Kijana wa Kibokoni atakayeuchunguza huenda asirejelewe mara elfu, lakini majirani zake watamsikiliza.

Jaribio la nyumbani

Unaweza kuanza leo bila mtaalamu. Chota udongo mkavu kiasi cha kijiko kutoka uani kwako, mahali palipo mbali kidogo na ukuta, uweke kwenye kisahani. Udondoshee siki ya jikoni. Ukiona povu likichemka au ukisikia mchemko mdogo, udongo wako una chokaa. Usiongeze chokaa wala majivu, nayo pesa ya mwamba wa fosfeti iweke mfukoni. Tia mboji.

Kama unataka kipimo kamili, chota udongo sehemu kadhaa za bustani kwa kina cha kiganja, uchanganye, uuanike kivulini na uupeleke kwenye maabara. Maabara za KALRO zilizoko Kabete hupima udongo wa wakulima, na afisa wa kilimo wa kaunti anaweza kukuelekeza jinsi ya kuufikisha.

Mtaalamu atakapokuja na wasifu wake, msikilize kwa heshima anayostahili. Kisha mwonyeshe kile kisahani chako chenye povu, umuulize: kwa udongo huu, unatushauri nini?